Ni Mji Upi Usomao Zaidi?

Watu waliosoma wakikutana, hasa jioni ya mwisho wa mwezi, hakukosi kuzuka ubishi usio na hakimu: ni mji upi wenye wasomi wengi zaidi? Mtu wa Kisumu huanza kwa kuhesabu maprofesa waliotoka kwao. Mtu wa Nyeri hutaja shule. Mtu wa Nairobi hasemi neno, kwa kuwa amekwisha kujihesabu mshindi kabla mashindano hayajaanza. Mtu wa Lamu naye, ikiwa yumo, hunyamaza vile vile, lakini kwa sababu nyingine.

Huko Marekani walitaka kuukata ubishi wa namna hii kwa hesabu. Kuanzia mwaka 2003 msomi mmoja wa chuo kikuu, jina lake John W. Miller, alishika kazi ya kuipanga miji mikubwa ya nchi yake, ile yenye watu 250,000 na zaidi, kwa daraja za usomaji. Alitazama mambo sita: maduka ya vitabu, kiasi cha elimu ya wakazi, maktaba, magazeti ya kila siku, majarida, na matumizi ya intaneti. Mara nyingi Minneapolis, Seattle na Washington ndiyo miji iliyokaa mbele. Jambo la busara katika kazi yake ni kwamba hakuuliza ni watu wangapi wajuao kusoma, bali alitaka kujua kama wanasoma. Hayo ni mambo mawili mbalimbali kabisa. Kujua kusoma ni kama kuwa na jembe, na wako wengi wenye jembe zuri nyumbani na shamba lao ni magugu matupu.

Basi na ichukuliwe mizani hiyo iletwe Kenya. Hapana shaka itaielekea Nairobi. Mji huo, ambao mwaka 1899 ulikuwa kambi ya wajenzi wa reli tu, leo una vyuo vikuu, una ofisi za magazeti makubwa, una wachapishaji wa vitabu na maduka yao. Hata kando ya njia wako wauzaji wanaotandaza vitabu vikuukuu juu ya gunia au karatasi ya nailoni, na kwa kuwa mnunuzi hana budi kuinama ili achague, watu kwa mzaha wakayaita maduka hayo "inama". Mtu mwenye subira huweza kupata hapo kitabu ambacho katika duka lenye mlango wa kioo kingemla posho ya juma zima. Na bei za vitabu si mzaha, maana tangu sheria ya kodi ya mwaka 2013 kitabu hutozwa asilimia 16 sawa na bidhaa nyingine, kana kwamba kusoma ni anasa.

Tena Nairobi ina Maktaba ya McMillan, karibu na Msikiti wa Jamia. Ni jengo la fahari, lenye nguzo nene na sanamu za simba mbele ya mlango. Lilifunguliwa mwaka 1931 kuwa ukumbusho wa Sir Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyelowea katika nchi hii, na mjane wake, Lady Lucie, ndiye aliyeishughulikia kazi hiyo. Mtu wa kuhesabu maktaba angeandika katika daftari lake: Nairobi, maktaba moja kubwa, vitabu tele. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi, wala isingesema kweli, kwa sababu mpaka mwaka 1958 maktaba hiyo ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika aliyejua kusoma vizuri kabisa, aliyeandika barua za ofisi nzima kwa mkono wake, aliwapita wale simba asubuhi akienda kazini na jioni akirudi, na vitabu vilikuwa ndani na yeye nje. Mwaka 1962 maktaba ilikabidhiwa Halmashauri ya Jiji, na milango ikawa ya watu wote.

Haifai kusema kwamba siku hizo Waafrika waliachwa bila kitu. Mwaka 1948 iliundwa hapo hapo Nairobi Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki, chini ya Charles Richards, ambayo ilichapisha vitabu katika Kiswahili na lugha nyingine, na ikapeleka vitabu kwa masanduku na kwa posta mpaka mashamba. Wako wazee ambao kitabu cha kwanza walichokisoma kwa hiari yao, si kwa amri ya mwalimu, kilitoka katika sanduku kama hilo. Lakini sanduku la vitabu halionekani kwa mbali kama nguzo za mawe, na mwenye kuusifu mji kwa majengo yake hawezi kulikumbuka.

Ama kuhusu Lamu, yuko karani mmoja wa serikali, mtu wa bara, ambaye jina lake halina faida hapa. Alisoma shule ya misheni mpaka kidato cha nne, akapata alama za juu katika Kiswahili na Kiingereza, na katika sanduku lake hakukosa vitabu viwili vitatu. Alipopewa uhamisho kwenda Lamu alisikitika. Aliwaambia wenzake kwamba anapelekwa mahali pasipo na kitu cha kusoma. Siku ya safari alinunua magazeti mengi, akayafunga kwa kamba, kama msafiri achukuaye maji ya kuvukia jangwa.

Alipofika aliona dalili zote za kuthibitisha hofu yake. Njia ni nyembamba, punda ndio wenye njia, na duka la vitabu la kulinganishwa na la Nairobi hakuliona. Akaanza kazi. Miongoni mwa kazi alizopewa ilikuwa kuzunguka nyumba kwa nyumba na fomu za wazee, kuandika jina, umri, jamaa wanaowatunza, na mambo mengine ya kawaida. Swali moja lilikuwa: Anajua kusoma na kuandika?

Siku moja alifika kwa bibi mmoja mzee sana. Akakaribishwa, akaletewa maji, akakaa barazani na fomu zake magotini. Alipofikia swali lile aliona haya kidogo kumwuliza mtu mzima kama anajua kusoma, kwa hiyo akalizungusha kwa adabu.

"Bibi, ulipata kwenda skuli?"

"Sikwenda, mwanangu," akajibu bibi. "Siku zetu mtoto wa kike hakupelekwa skuli."

Karani akaandika kwa wino mweusi: Hajui kusoma wala kuandika. Akaendelea. Tarehe ya kuzaliwa?

Bibi akamwambia angoje. Akamwita mjukuu wake, akamtuma ndani alete chuo. Mtoto akaja na kitabu kilichofungwa katika kitambaa, jalada lake la ngozi limepasuka pembeni. Bibi akavaa miwani, akakifungua kutoka kulia, akapitisha kidole, na akasoma tarehe aliyozaliwa kwa mwaka wa Kiislamu, kama ilivyoandikwa na baba yake. Akasoma na za ndugu zake, na siku walizofariki. Kisha akafunua kurasa za nyuma na kumwonyesha karani utendi mrefu, beti baada ya beti kwa mwandiko safi ulionyooka, akasema kwamba huo ulinakiliwa na mama yake, naye mama aliunakili kutoka chuo cha shangazi yake.

Karani akaomba kukishika. Akakitazama, akakigeuza, akakirudisha kilivyokuwa. Maneno yalikuwa ya Kiswahili, lugha ile ile aliyopatia alama za juu, nayo yameandikwa kwa herufi za Kiarabu kama yalivyoandikwa katika pwani hiyo kwa karne nyingi. Hakuweza kusoma hata neno moja.

"Ah," akasema bibi bila dharau yo yote, "kumbe wewe hukusoma chuoni. Nipe basi, nitakusomea."

Akamsomea. Walipofika mwisho adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha kuadhiniwa.

Neno hili "chuo" lataka kuangaliwa. Watu wa bara wakilisikia hufikiri jumba lenye madarasa. Katika Kiswahili cha Lamu chuo ni kitabu chenyewe, na mtoto aliyekwenda chuoni alikwenda kitabuni. Mji ulioliita darasa kwa jina la kitabu hauwezi kuwa mgeni wa kusoma. Kadhalika iko methali ndogo ambayo karani huyo alizoea kuitumia juu ya watu wengine, kwamba fulani hajui alifu kwa kijiti, yaani hajui kusoma kabisa. Miaka yote hiyo hakupata kujiuliza alifu ni nini. Ni herufi ya kwanza katika herufi za bibi.

Habari za visiwa hivyo zikitazamwa, jambo hili halishangazi. Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, uliandikwa Pate mwaka 1728 na Bwana Mwengo bin Athumani, zamani ambapo Nairobi ilikuwa bado malisho ya ng'ombe wa Wamasai. Pate hiyo hiyo alitoka Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtungaji wa Al-Inkishafi. Na mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mwanamke wa Pate aliyekuwa ameolewa na mtawala wa Siu, alimtungia binti yake utendi wa mawaidha alipokuwa mgonjwa. Utendi huo haukupata mtambo wa kuuchapa mpaka karne ya 20, tena huko ng'ambo. Muda wote huo uliishi kwa kalamu za watu waliounakili na kwa vinywa vya wanawake waliouhifadhi. Hakuna duka lililouuza. Yule mwenye mizani ya maduka angepita mlangoni na wanawake wanausoma ndani, na katika safu ya Lamu angetia sufuri.

Alikuwako pia Muhamadi Kijuma wa Lamu, fundi wa kuchora milango, mwanamuziki na mwandishi wa khati, aliyefariki mwaka 1945. Wataalamu wa Kizungu waliotaka tendi za zamani walimwendea au kumwandikia, naye akawanakilia kwa mkono wake. Nakala zake nyingi sasa zimo katika maktaba za Ulaya. Na katika Msikiti wa Riyadha, ambao uko pale Lamu kwa zaidi ya karne moja, imehifadhiwa miswada ya Kiarabu mingi, na katika karne hii ilipigwa picha kwa msaada wa Maktaba ya Uingereza ili isipotee kwa mchwa na unyevu wa bahari. Karani yule alikuwa amepita mbele ya msikiti huo kila siku na furushi lake la magazeti.

Mombasa nayo ina habari ya namna hii. Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840, alitunga mashairi juu ya vita, njaa, mapenzi na siasa za mji, na watu wakayashika kwa moyo. Miaka mingi baada ya kufa kwake Mwalimu Sikujua aliyakusanya kutoka vinywani mwa watu akishirikiana na mmishonari W. E. Taylor, na mwaka 1940 yakatoka kitabuni huko Johannesburg. Kwa hiyo kwa miaka mingi maktaba ya Muyaka ilikuwa ni vichwa vya watu wa Mombasa. Mji huo ulikuwa na magazeti yake pia. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa baadaye Kadhi Mkuu, alitoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akiwakemea watu wake kwa uvivu wao wa elimu. Ni desturi ya miji isomayo kukemewa hivyo na wasomi wake. Mji usiosoma hauna hata wa kuukemea.

Isidhaniwe kwamba jambo hili ni la pwani tu. Mwaka 1980 Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa riwaya ya Kikuyu, Caitaani Mũtharaba-inĩ, aliyoiandika akiwa kizuizini. Mwenyewe amesimulia jinsi ilivyosomwa. Jamaa walikusanyika jioni na mmoja akawasomea wengine, mpaka mzee asiyejua herufi akawa anaijua hadithi nzima. Wafanyakazi walisomeana saa ya chakula. Hata katika vilabu vya pombe alikuwako msomaji aliyesoma kwa sauti, na bilauri yake ikiwa tupu huishia mahali patamu, mpaka wasikilizaji wamjazie. Nakala moja ilisomwa na watu wengi, na katika hesabu ya mauzo ni nakala moja. Limuru au Kiambu ingepewa alama gani hapo? Mizani ya Marekani iliundwa kwa nchi ambako mtu husoma peke yake, kimya, chini ya taa yake, kitabu alichokinunua kwa fedha yake. Hapa kusoma mara nyingi kumekuwa kazi ya sauti na ya watu wengi.

Garissa ni hadithi fupi, lakini haifai kurukwa. Tangu mwaka 1996 Shirika la Maktaba la Taifa lilianza kupeleka vitabu kwa ngamia katika sehemu ambazo gari halifiki au watu wake huhama na mifugo. Ngamia mmoja huchukua masanduku ya vitabu, mwingine hema na mikeka. Hema husimamishwa, watoto huketi, na vitabu huazimwa mpaka ngamia watakaporudi. Mwenye kuhesabu majengo hataona kitu, maana maktaba yenyewe imekwisha kuondoka.

Lakini hapana budi kusema pia yaliyo machungu. Kuna hatari ya kuisifu Lamu ya zamani mpaka Lamu ya leo ikasahauliwa. Wale wanaoweza kusoma chuo cha bibi wanapungua kila mwaka, na mjukuu wake aliyekwenda kukileta hukijua kwa jalada tu, kwa kuwa skuli humfundisha herufi za Kirumi na madrasa humfundisha Kiarabu cha Kurani, na Kiswahili cha herufi zile kimeanguka katikati bila mwalimu. Tena si kweli kwamba Nairobi ni mji wa majengo tu. Tangu mwaka 2017 wanawake wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, waliunda shirika la Book Bunk wakashika kazi ya kuifufua Maktaba ya McMillan na matawi yake mawili ya Kaloleni na Makadara. Kaloleni watoto hukaa kwenye vitabu baada ya shule, katika mtaa ambao wazee wake zamani walihitaji ruhusa ya kuwamo mjini. Anayetaka kuijua Nairobi isomayo na aende huko Ijumaa jioni kabla ya kuwatazama simba.

Na makarani je? Hao husoma kutwa: barua, waraka, fomu, daftari, na ujumbe wa kompyuta. Jioni macho yamechoka, na kitabu cha mwisho walichokimaliza wengi wao kilikuwa cha mtihani. Mkulima anayesoma gazeti moja la zamani mara tatu, pamoja na matangazo, huenda ni msomaji kuliko karani wake wa wilaya. Jambo hili si la kuwafurahisha makarani, lakini na walipime wenyewe nyumbani mwao.

Ile fomu ya bibi haikurekebishwa. Jioni ile karani aliitoa, akaiweka mezani, akatazama mstari alioundika. Amri ya ofisi ilikuwa kwamba fomu iliyofutwafutwa itarudishwa, na fomu mpya hazikuwapo, na mashua ya kuchukua furushi ilikuwa ya asubuhi. Akaiacha. Ikaenda ilivyo, ikaingizwa katika jumla pamoja na nyingine, na jumla hiyo imo katika hesabu fulani mpaka leo, na humo Lamu imepungukiwa na msomaji mmoja kwa wino wa mtu aliyeshindwa kusoma kitabu chake.

Sasa karani amehamishiwa Nairobi. Mwaka jana, akipita kando ya njia, aliinama kwenye gunia la muuza vitabu akaona kitabu kidogo cha watoto cha kufundishia herufi za Kiarabu, pembe zake zimeliwa. Akakinunua pamoja na daftari. Usiku, watoto wakiisha kula, hukaa mezani na kuandika, na mwanawe wa darasa la pili humcheka kwamba baba anaandika kinyumenyume. Mjukuu wa bibi humpigia simu siku za sikukuu. Mara ya mwisho alisema bibi hajambo, macho tu ndiyo yanayomsumbua, na anauliza mwanawe wa bara amefika wapi.

Akajibu kwamba amefika jimu.